Kufufua Datsun 240Z na Kuiongezea Makali kwa Vipuri vya Kusaka

Datsun 240Z ilizinduliwa Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z, ikauzwa nje kama 240Z hadi 1973, kisha zikafuata 260Z na 280Z zenye umbo lilelile hadi 1978. Uimara wake barabarani hauna ubishi: Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa gari hili mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo tena mwaka 1973. Uimara wa bodi ni habari nyingine. Bati lake ni jembamba, kinga ya kutu iliyowekwa kiwandani ilikuwa haba, na vipuri vingi vya awali vilishaacha kutengenezwa.

Kinachookoa gari hili ni ukoo wake. Injini ya 280Z inakaa kwenye vishikizo vya 240Z bila kukata chuma. Giaboksi ya 280ZX ya 1979 hadi 1983 inaingia. Kalipa (vishikio vya pedi za breki) za Toyota Hilux zinafunga kwenye mguu wa mbele kana kwamba zilichongwa kwa ajili yake. Kwa hiyo ufundi mkubwa hapa ni kujua kipi kinakubaliana na kipi, na kazi ianzie wapi. Mpangilio ninaoushauri ni huu: kutu, breki, miguu (yaani springi na mikono inayoshika magurudumu), injini, kisha nguvu za ziada kama bado zina haja. Wengi huanza na injini kwa sababu ndiyo yenye sauti, na magari yao huishia kuwa na kabureta tatu za kung'aa juu ya sakafu iliyotoboka.

Hatua ya 1: Kagua kutu kabla ya kuzungumza bei

Rangi mpya isikudanganye. Chukua tochi, sumaku iliyofungwa kitambaa laini na bisibisi butu, kisha lala chini.

Anza na trei ya betri. Tindikali ya betri huvuja miaka na miaka, ikala trei, ikashuka kwenye ukuta wa injini, ikamalizia kwenye boriti ya chesi iliyo chini yake. Trei hubadilishwa kwa urahisi, lakini boriti ikiliwa ni kazi ya fundi wa kuchomelea anayejua kupima. Toka hapo nenda kwenye boriti ndefu chini ya sakafu, pande zote mbili. Zigonge taratibu kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Kagua vizingiti vya chini ya milango, ile pembe iliyo nyuma ya mlango kabla ya tairi la nyuma, ukingo wa ndani wa matao ya matairi ya nyuma, shimo la tairi la akiba, na paneli ambayo mlango wa nyuma hujifungia.

Mahali panaposahaulika ni chini ya kioo cha mbele, kwenye chumba cha kuingizia hewa. Majani hujaa humo, maji hukosa pa kutokea, kutu hutafuna kwa ndani, na utakuja kuiona siku zulia la miguuni likilowa. Mimina maji kidogo chini ya kioo uone yanatokea wapi. Yakishuka nyuma ya matairi ya mbele, vizuri. Yakitokea ndani ya gari, punguza bei au aga.

Sumaku ni kwa ajili ya puti, ule ujazo unaofichia mashimo ya bodi. Ipitishe kwenye matao ya matairi na chini ya milango. Inapokataa kushika, kuna puti nene, na chini ya puti nene huwa kuna jambo.

Hatua ya 2: Jua gari ulilonalo

Namba ya chesi huanza na herufi zinazoeleza mengi. HLS30 ni 240Z yenye usukani kushoto, HS30 ni yenye usukani kulia, na S30 peke yake ni Fairlady Z ya soko la Japani yenye injini ya lita 2. PS30 ni Fairlady Z 432, gari adimu lenye injini ya S20 ya kemshafti mbili (mihimili inayofungua vali). Ukiambiwa unauziwa hilo, lete mtu anayelijua vizuri kabla ya kutoa hata senti. Namba iliyogongwa kwenye ukuta wa injini ilingane na iliyo kwenye kibao. Na kama gari lina karatasi, zilingane na namba, si na maelezo ya muuzaji.

Tazama pia nguzo za nyuma na mlango wa nyuma. Magari ya mwanzo, hadi karibu na mwanzo wa 1971, yana matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma na maandishi 240Z kwenye nguzo. Hayo yana thamani kubwa zaidi yakiwa halisi. Ukikuta gari la namna hiyo likiwa zima na injini yake ya kuzaliwa, nakusihi usilikate. Fanya maboresho kwenye gari ambalo tayari limepoteza vitu vyake, na hata hapo weka kila ulichokivua kwenye sanduku.

Hatua ya 3: Kuvua

Hapa hakuna siri kubwa. Piga picha kabla ya kufungua kila kitu, tia boliti za sehemu moja kwenye mfuko mmoja, andika kwa kalamu isiyofutika. Picha za nyaya zipigwe kwa karibu ili rangi na mistari yake ionekane, kwa sababu utazirudia baada ya miezi ukiwa umesahau kabisa.

Mambo mawili ya usalama. Pedi, viatu vya breki na sahani za klachi za enzi hizo huenda zina asbesto: usipulize vumbi kwa hewa ya kompresa, lilowanishe na ulifute kwa kitambaa utakachotupa. Na tangi la mafuta lisiguswe na moto, hata kama limekaa tupu miaka kumi. Mvuke hubaki.

Hatua ya 4: Bodi

Ndani ya sakafu kuna tabaka la lami la kuzuia kelele. Lazima litoke, kwa kuwa kutu hujificha chini yake. Njia safi kuliko zote ni barafu kavu, yaani hewa ukaa iliyogandishwa: isambaze juu ya lami, subiri lami igande, kisha gonga kwa nyundo ya mpira, lami hupasuka vipande kama sahani. Vaa glavu nene na fungua milango yote, maana hewa ukaa inayotoka humo inaweza kukuzimisha mahali palipofungwa.

Kabla ya kukata boriti au kizingiti chochote, lipe gari mihimili. Liweke juu ya stendi kwenye sehemu imara, funga milango, chomelea vyuma vya muda kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma kwenye uwazi wa mlango, kisha kata upande mmoja tu kwa wakati. Ukikata pande zote mbili pamoja, gari hujikunja katikati na milango haitafunga tena ilivyokuwa. Pima mianya ya mlango kabla na baada ya kila kipande.

Sakafu na boriti mpya zinatengenezwa na viwanda kadhaa vidogo, na nyingi zina bati nene kuliko la awali. Chagua zenye bati nene. Mwisho wa yote, nyunyizia nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti na boriti kupitia matundu yake. Kiwanda hakikufanya hivyo ipasavyo, ndiyo maana leo uko chini ya gari.

Kuhusu rangi nina neno moja tu: kibao cha chumba cha injini kinaonyesha namba ya rangi ya kiwandani, kwa mfano 918 kwa ile ya machungwa. Gari linalorudishwa kwenye rangi yake hupata mnunuzi haraka zaidi. Lakini ni gari lako.

Hatua ya 5: Kusaka vipuri bila kupigwa

Hatua hii ndiyo inayokula muda, na ndiyo inayoamua kama mradi utaisha.

Jifunze kwanza kusoma namba za vipuri za Nissan. Zina herufi na tarakimu kumi, zikigawanywa tano kwa tano. Tano za mwanzo hueleza kipuri ni cha aina gani, tano za mwisho hueleza kilitengenezwa kwa gari lipi. Vipuri vingi vya 240Z vina mwisho unaoanza na E, kama E4100. Vya 280Z mara nyingi huanza na N. Vya 280ZX huanza na P. Ukishajua hilo, tangazo linalosema "ya 240Z" huku picha ikionyesha namba yenye mwisho wa P linakuambia lenyewe kwamba muuzaji anakisia. Huenda kipuri kitafaa, lakini bei isiwe ya 240Z.

Pata kitabu cha matengenezo cha kiwandani cha mwaka wa gari lako na orodha ya vipuri yenye michoro. Vyote vinapatikana vikiwa vimechapwa upya au kwa nakala za kidijitali. Kisha tengeneza daftari lenye safu nne: kipuri, namba, mbadala unaokubalika, na hali unayoitaka. Usinunue kitu kisichokuwa kwenye daftari kwa sababu tu bei inavutia. Karakana zimejaa taa za 260Z zilizonunuliwa kwa hamu na watu wenye 240Z. Taa za nyuma za 1974 na kuendelea zimepangwa tofauti, na paneli yake ni tofauti pia.

Muuzaji wa mbali mwombe picha za aina tatu: namba iliyogongwa au kutokeza kwenye chuma, sehemu inayochakaa, na rula ikiwa kando ya kipuri. Kwa silinda hedi, mwombe picha ya uso wa gasketi na ya mashimo ya maji, kwa sababu hedi za aluminiamu zilizotumia maji matupu bila kizuia kutu huliwa kuzunguka mashimo hayo. Kwa giaboksi, aizungushe kwa mkono kwenye video akipitisha gia zote. Kwa kabureta, picha ya mhimili wa kipepeo (bamba linaloruhusu hewa kuingia) akiutikisa. Anayekataa yote matatu, mwache.

Ukipata gari la kuchinja, yaani 280Z au 280ZX iliyooza bodi lakini nzima kwa ndani, linunue lote ukiweza. Ukiinunua injini peke yake utarudi kuomba boliti, mabano, nyaya, soketi na bomba, na kila kimoja kitauzwa kwa bei ya peke yake. Gari zima linakuja na kila skrubu.

Yapo mambo ambayo sinunui yakiwa yametumika hata nikipewa bure: mipira ya breki, silinda za breki, mipira ya mafuta, beringi za magurudumu, mkanda na beringi ya klachi. Kwa mipira ya mafuta taja kabisa kwamba mafuta ya siku hizi mara nyingi yana ethanoli. Mpira wa zamani hulainika na kuvuja juu ya ekzosi.

Hatua ya 6: Breki

Mbele kuna diski, nyuma kuna dramu za aluminiamu zenye mapezi ya kupooza na ukuta wa chuma ndani. Dramu ikigoma kutoka, usiipige nyundo ukingoni, aluminiamu itapasuka. Ina matundu mawili yenye nyuzi usoni. Ingiza boliti mbili zinazolingana na nyuzi hizo, kaza nusu mzunguko huku, nusu kule, nayo itajisukuma yenyewe kutoka kwenye habu. Legeza kirekebishi cha viatu kwanza kama dramu ina ukingo uliochongeka kwa ndani.

Uboreshaji wa mbele uliozoeleka ni kalipa za pistoni 4 kutoka Toyota Hilux ya magurudumu manne ya mwanzoni mwa miaka ya 80, zenye alama S12+8 kwenye chuma. Hizo hufanya kazi na diski ya 240Z isiyo na matundu ya hewa. Zipo nyingine zenye alama S12W, ambazo ni pana na zinataka diski nene yenye kupitisha hewa pamoja na kipande cha kuisogeza. Watu huchanganya hizo mbili kila siku, kwa hiyo soma alama, usisikilize muuzaji. Kinga ya vumbi ya diski itabidi ipunguzwe au itolewe, na bomba la chuma la mwisho litengenezwe upya. Jaribisha ringi kabla ya kufunga kila kitu, hasa kama unatumia ringi za inchi 14. Andika mahali kwamba pedi sasa ni za Toyota, ili atakayelihudumia baadaye asihangaike.

Kalipa kubwa hula mafuta ya breki mengi zaidi, kwa hiyo pedali itashuka zaidi kabla ya kushika. Dawa yake ni mastaa silinda (pampu kuu ya breki) ya 280ZX yenye kipenyo cha inchi 15/16 badala ya 7/8 ya awali. Pima urefu wa fimbo inayotoka kwenye busta (kiongeza nguvu ya breki) kabla ya kufunga: ikiwa ndefu kupita kiasi breki zitabaki zimeshika, na utazinusa kabla hujaenda mbali.

Wengine huweka diski nyuma pia. Dramu nzima zilizorekebishwa vizuri zinatosha kwa gari la uzito wa takribani tani moja. Ningepeleka fedha hizo kwenye matairi.

Hatua ya 7: Miguu, na ile pini

Kila aliyefungua 240Z anaijua pini ndefu ya chini ya mguu wa nyuma. Inapita ndani ya mkono wa chini, katikati ya nyumba ya habu, ikishikwa na pini ndogo ya kufungia. Kwa miaka 50 imekaa ndani ya chuma bila grisi, na imekuwa kitu kimoja nacho.

Fuata utaratibu. Siku kadhaa kabla ya kazi, lowanisha ncha zote kwa mafuta ya kulegeza kutu, kila asubuhi na jioni. Toa nati ya pini ndogo ya kufungia, kisha uigonge itoke. Isipotoka yenyewe, usiguse pini kubwa, kwa sababu utakuwa unapigana na kufuli. Ikishatoka, mimina mafuta kwenye tundu lililobaki na usubiri tena. Ncha za pini kubwa zina nyuzi, na ukizigonga kwa nyundo zitafumuka kama uyoga, halafu haitapita tena popote. Tumia kifaa cha kuvutia chenye bomba na nati, au peleka mkono mzima kwenye mashine ya kusukumia. Ikikataa kabisa, kata pini pande zote mbili za nyumba ya habu, mkono utoke, kisha kipande kilichobaki kisukumwe kwa mashine. Nunua pini mpya kabla hujaanza ili usiwe na huruma na ya zamani. Wakati wa kurudisha, ipake grisi ya kuzuia kuganda.

Bushi ngumu za polyurethane zinafaa sehemu nyingi, lakini kuna sehemu moja ninayopinga: fimbo ya mbele inayozuia mkono wa chini usirudi nyuma. Fimbo hiyo huinama kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka. Ikibanwa na bushi ngumu pande zote mbili, mwinamo unahamia kwenye chuma, na fimbo zimewahi kukatika kwa sababu hiyo. Weka mpira wa kawaida hapo.

Kuhusu ringi, mpangilio wa boliti ni 4 kwa milimita 114.3, kwa hiyo uchaguzi ni mpana. Upana wa inchi 7 kwa kipenyo cha 15 wenye ofseti (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya ringi) ya karibu sifuri, na tairi la 195/60 au 205/60, hujaza tao bila kugusa. Ukienda pana zaidi, chunga sahani ya springi kwenye mguu wa mbele: tairi hulamba hapo kabla ya kugusa bodi.

Hatua ya 8: Injini

L24 ni injini ya silinda 6 za mstari, lita 2.4, hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, kemshafti moja kwa mnyororo. Ni injini ngumu kuua. Kabla ya kuishusha, ipashe moto, toa plagi zote, fungua kipepeo chote na upime mgandamizo wa kila silinda. Namba zikikaribiana, hata zikiwa chini kidogo, injini imechakaa kwa usawa na inaweza kusubiri. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, tia kijiko cha oili ndani ya tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni vali au gasketi.

Ukiitoa hedi, soma sentensi hii mara mbili. Kabla ya kufungua gia ya kemshafti, pigilia kabari ya mbao kati ya pande mbili za mnyororo ili kikazio kisisogee. Bila kabari, kikazio kinaruka nje, na hakirudi bila kufungua mfuniko wote wa mbele. Funga kamba kwenye kabari ili uweze kuivuta. Weka alama kwenye mnyororo na gia kwa rangi.

Vali zirekebishwe injini ikiwa baridi kwa milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutoa. Ikiwa moto, 0.25 na 0.30. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Ukishusha pampu ya oili, mhimili wake lazima urudi mahali pake: silinda ya kwanza ikiwa juu kwenye mgandamizo, mfereji unaoonekana kwenye tundu la distribyuta usimame kama mishale ya saa, mfupi ukiwa kwenye namba 11 na mrefu kwenye namba 5. Ukikosea jino moja, taimingi haitapatikana hata uzungushe distribyuta hadi mwisho.

Kabureta za awali ni mbili za Hitachi zenye vichwa vya mviringo. Zile za 1973 na 1974 zina vichwa bapa na zimejaa mirija ya kupunguza moshi; huchemka kwenye joto na kumkera kila mtu. Zibadilishe kwa jozi ya mviringo ya 1970 hadi 1972 pamoja na manifoldi yake. Jaza oili nyepesi kwenye mirija ya juu ya kabureta, linganisha hewa ya kabureta hizo mbili kwa kipimo cha mvuto, na utapata gari linalotii. Kabureta tatu za Weber au Mikuni ni tamu kwa sikio, lakini zinataka jeti (vitundu vya kupimia petroli) sahihi na mtu mwenye subira ya kuzitafuta.

Nguvu zaidi bila maumivu? Tafuta L28 ya lita 2.8 kutoka 280Z au 280ZX. Inaingia kwa vishikizo vilevile, na kabureta zako zinahamia juu yake. Angalia hedi na pistoni pamoja: hedi ya chumba kidogo cha mlipuko juu ya pistoni bapa inaweza kupandisha mgandamizo hadi injini ianze kugonga kwa mafuta ya kawaida. Kwa wenye kiu zaidi, ipo ile ya lita 3.1: krenkishafti ya injini ya dizeli LD28 yenye mwendo wa milimita 83, na pistoni za milimita 89. Inahitaji fundi wa mashine, na krenkishafti hizo sasa ni adimu.

Hatua ya 9: Giaboksi na difu

Gia 5 kutoka 280ZX zinafunga kwenye L24. Hakikisha kishikizo cha chini kinalingana, kwa kuwa magari ya 1970 na 1971 yalikuwa na giaboksi ya aina A na baada ya hapo ni aina B. Hamisha pia kile kijigia cha mita ya kasi kulingana na difu unayotumia, la sivyo mshale utadanganya.

Kosa linalorudisha watu chini ya gari ni la kola ya beringi ya klachi, ile bomba fupi inayobeba beringi. Kola zina urefu tofauti, na zinafuata kifuniko cha klachi, si giaboksi. Ukitumia kifuniko cha 240Z, tumia kola ya 240Z hata kama giaboksi ni ya 280ZX. Ukichanganya, klachi itakataa kuachia, au itateleza, na giaboksi inashuka tena.

Difu ya 240Z ni R180, na kwa gari la gia 4 la soko la Marekani uwiano wake ni 3.36. Ukiwa na gia ya 5 ya kupumzisha injini, 3.90 huamsha gari. R180 ya Subaru Impreza WRX STI ina kizuizi cha gurudumu moja kuteleza peke yake na nyingi zina uwiano huo wa 3.90, nyumba yake inaingia, ila ekseli fupi za pembeni zinatengenezwa maalumu. R200 ya 280Z ni imara zaidi na nzito zaidi, na inataka ile boriti ya nyuma iliyopinda kama masharubu kutoka gari hilohilo.

Hatua ya 10: Umeme

Umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani na kisanduku cha fyuzi cha plastiki. Miaka ikipita, vishikio hulegea, joto hupanda, plastiki huyeyuka. Weka rilei (swichi zinazoamrishwa kwa umeme mdogo) mbili karibu na taa, zilishwe moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi yake, swichi ibaki na kazi ya kuamuru tu. Taa zitang'aa zaidi na swichi itadumu.

Distribyuta ya kielektroniki ya 280ZX ya 1979 hadi 1981 inaondoa platini, vile vigusio vinavyokata umeme wa koili. Ichukue pamoja na kitako chake, na uondoe kizuizi cha umeme cha koili. Waya unaopita kwenye mita ya mizunguko ubaki kwenye njia yake, la sivyo mshale utalala.

Alteneta ya 280ZX ina regyuleta ndani. Ukiiweka, soketi ya regyuleta ya zamani huunganishwa kwa nyaya fupi, na mmoja wao lazima uwe na dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Bila dayodi, utazima ufunguo na injini itaendelea kunguruma, kwa sababu alteneta inarudisha umeme kwenye koili.

Hatua ya 11: Harufu, na safari za mwanzo

Gari likishakamilika, wengi hushangaa kunusa moshi ndani. Umbo la nyuma huvuta hewa ya ekzosi kurudi kwenye bodi, nayo hutafuta upenyo. Badilisha mpira wa mlango wa nyuma, gasketi za taa za nyuma, na vizibo vyote vya mpira kwenye sakafu ya buti. Kutafuta tundu, mtu aingie buti usiku, mwingine azungushe tochi kali nje kuzunguka taa na mlango. Palipo na mwanga ndipo pa kuziba. Ikiwa harufu ni ya petroli mbichi, kwa magari ya soko la Marekani fungua pambo la ubavuni nyuma: kuna tangi dogo la mvuke na mipira yake, ambayo kwa umri huu huwa imepasuka yote.

Safari za mwanzo ziwe fupi, karibu na karakana, ukiwa na kizima moto ndani. Baada ya ya kwanza kagua mafuta ya breki, mipira ya petroli na boliti za propela. Baada ya kilomita mia chache, kaza tena nati za magurudumu na boliti za miguu gari likiwa limesimama kwa matairi yake, badilisha oili, rekebisha vali tena, kisha ndipo upeleke gari kupimwa usawa wa magurudumu. Kupima mapema ni kupoteza fedha, kwa sababu springi na bushi mpya bado zinakaa.